Kadhia ya Jani la Alfajiri

Ijumaa iliyopita, swala ilipokwisha, imamu wa msikiti wetu hapa Ngamiani, Tanga, aliinua mikono akawaombea wagonjwa, na wasafiri, na wenye madeni, kisha akaishusha sauti kwa huruma na kumwombea "ndugu yetu mmoja wa mtaa huu, ambaye Mola amemtahini katika akili yake, arejeshewe fahamu zake, na aila yake ipewe subira". Nami niliyekuwa safu ya pili nikamsikitikia mja huyo hata machozi yakanilengalenga, nikaitikia Amin kwa sauti iliyozidi za wote walionizunguka. Sikuwa na habari yoyote hata mzee aliyeketi upande wangu wa kuume aliponishika goti, akalibonyeza kwa upole ambao aghalabu huwekewa wafiwa, akaninong'oneza: "Vizuri, sheikh wangu. Mtu akijiombea mwenyewe ndiyo hupokelewa upesi."

Tangu hapo sijapata utulivu. Mtu akituhumiwa wizi anayo njia ya kujitetea, kwa kuwa huleta risiti na mashahidi. Lakini akituhumiwa wazimu, kila hoja aitoayo kwa utaratibu huhesabiwa kuwa dalili mpya, na akipandisha sauti kwa uchungu wa kutosadikiwa, basi hiyo ndiyo dalili waliyokuwa wakiingojea. Nimejaribu njia zote mbili. Muuza duka aliyenisikiliza kwa utulivu aliniongezea sukari bila kunitoza, na yule niliyempandishia sauti alimtuma mtoto akamwite mke wangu.

Asili ya kadhia yote ni mmea mmoja usiozidi upana wa kisahani cha kikombe. Majani yake ni manene, yenye ncha ndogo iliyochongoka, nayo yamepangwa kwa mzunguko, kila jani la ndani likikaa juu ya pengo la majani mawili ya nje, hata ukiutazama kwa juu huoni jani linalomnyima mwenziwe jua. Rangi yake iko baina ya kijivu na zambarau, na juu ya rangi hiyo umejipaka unga mwembamba wa nta, ambao ukiguswa kwa kidole hubanduka, wala haurudi tena kwenye jani hilo mpaka jani lenyewe life. Kwa nasaba ni chotara. Mzazi wake mmoja, Echeveria gibbiflora, ni pande la mmea lenye majani mapana na shina refu; wa pili, Echeveria elegans, ni kidogo cheupe kilichojikusanya; wote wawili ni wa Meksiko, lakini ndoa yao ilifungwa Ujerumani, na mtoto akapewa jina la Perle von Nürnberg, yaani Lulu ya Nürnberg. Ama hilo jina la ukoo, lilitolewa mwaka 1828 na Mswisi Augustin Pyramus de Candolle kwa heshima ya Atanasio Echeverría, mchoraji wa Meksiko aliyefuatana na msafara wa kifalme wa Kihispania uliotumwa kuandika mimea ya nchi ile katika karne ya 18. Nalitia jambo hili hapa kwa sababu yanipendeza kujua kwamba palikuwa na mtu aliyeyatazama majani mchana kutwa, akalipwa, wala asiombewe dua.

Niliununua kwa kijana auzaye miche kando ya barabara, ambaye alinihakikishia mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba mmea huu haufi hata ukiusahau, na kwamba lazima unyweshwe maji asubuhi na jioni. Nitamrudia huyo kijana.

Sasa yanipasa nieleze kwa nini mtu mzima, mwenye wajukuu, alionekana barazani pake kabla ya jua kuchomoza akitafuna jani. Na namwomba msomaji anivumilie, maana katika mtaa mzima sijapata hata mmoja aliyenisikiliza mpaka mwisho wa maelezo haya, na moyoni mwangu ndiyo sehemu tamu ya habari yote.

Mimea tuijuayo, mwembe na mchicha na mhindi, hufungua vitundu vya majani yake mchana ili ivute hewa ya ukaa, maadamu sukari ya mmea haipikwi pasipo jua. Lakini mlango ulio wazi kuingiza hewa ni mlango ule ule utoao maji, na katika nchi kame mmea uachao milango wazi adhuhuri hauifikii jioni. Jamii ya mmea wangu, iitwayo Krasulasea, imeitatua mas'ala hii kwa hila ambayo kila niikumbukapo nashindwa kukaa kimya: mchana kutwa hufunga milango yote, usiku, hewa ikiwa imepoa na maji hayana haraka ya kutoroka, huifungua, ikavuta hewa ya ukaa, na kwa kuwa jua halipo na kupika ni muhali, hewa hiyo huigeuza asidi ya maliki, ndiyo ile ile itiayo ukali tofaa bichi, ikaiweka akiba katika vifuko vilivyo ndani ya seli zake. Hivyo ndivyo ifanyavyo usiku kucha, hata ifikapo alfajiri jani zima limejaa asidi. Jua likichomoza milango hufungwa, akiba hutolewa kidogo kidogo na kuvunjwa, hewa ya ukaa ikatoka ndani kwa ndani bila kuchungulia nje, na sukari hupikwa nyuma ya milango iliyofungwa, kwa kuni za usiku na moto wa mchana. Kufikia magharibi ghala ni tupu, na kazi huanza upya.

Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba jani lile lile, la mmea ule ule, huwa kali alfajiri, na machweoni ukali umekwisha! Na mmoja wa walioliandika jambo hili mapema hakulipata kwa darubini wala kwa chupa za maabara. Benjamin Heyne, mtaalamu wa mimea aliyekuwa akifanya kazi India, alieleza katika habari iliyochapishwa mwaka 1815 kwamba majani ya mmea mmoja wa jamii hii, ule wenye asili ya Bukini ambao watoto wake huchipua pembeni mwa jani, yalikuwa makali asubuhi, adhuhuri hayana ladha, na jioni yana uchungu kidogo. Alijuaje? Aliyatia mdomoni. Basi mtu aliyesoma habari hiyo, na ana mmea wa jamii hiyo barazani pake, na meno anayo, mlitaka afanye nini?

Niliamka kabla ya adhana, nikaswali nyumbani, jambo ambalo baadaye hakuna aliyeniuliza, nikatoka na kurunzi, bilauri ya maji ya kusukutulia, daftari na kalamu. Nilichuchumaa mbele ya chungu, nikachagua jani la chini, kwa kuwa la chini ndilo kongwe na mmea haulililii sana, nikaling'oa taratibu, nikalisuuza, nikaling'ata katikati. Naweza kuapa kwamba lilikuwa kali. Ukali wake haukuwa wa kukunja uso. Ulikuwa mwepesi, wa majimaji, ukianzia pembeni mwa ulimi na kuishia nyuma ya meno ya chini, na baada yake kuna kitu mfano wa nyasi mbichi. Nilifumba macho ili nisipotezewe na lolote. Nikasema kwa sauti, kwa sababu mtu aliyefanikiwa katika jambo huwa na haki ya kulisema, "Kali. Kali kweli. Alhamdulillahi." Nikasukutua, nikatema, nikang'ata nusu ya pili ili niwe na hakika.

Ndipo niliposikia, "Assalamu alaikum, jirani."

Alikuwa mzee wa ukuta kwa ukuta nami, mstaafu wa bandari, mtu mwema asiyekosa swala ya jamaa, akirudi msikitini pamoja na wenzake wawili. Kuitikia salamu ni wajibu, na mimi kinywa changu kilikuwa kimejaa ushahidi ambao ningeupoteza kama ningeumeza kwa pupa. Nikainua kidole kimoja, kwa maana ya kumwomba asubiri. Wakasubiri. Kurunzi ilikuwa chini, ikinimulika uso kutoka kidevuni kwenda juu. Nilitafuna mpaka mwisho, nikameza, nikafungua macho, nikamjibu, "Waalaikum salaam, mzee wangu, shikamoo. Hili ni la asubuhi. Nangoja jioni nile jingine."

Aliitikia, "Marahaba, mwanangu," lakini miguu yake ilikuwa imekwisha kugeuka, na wale wenziwe wawili nikawasikia wakisema La hawla, mmoja baada ya mwingine, mpaka pembeni mwa barabara.

Kufikia saa moja, kwa mama auzaye vitumbua, ilikuwa imethibitika kwamba nakula majani. Kufikia saa nne nayala kwa amri ya mtu asiyeonekana, ambaye ameniahidi jingine jioni. Adhuhuri nilikuwa nimepiga magoti; alasiri, nimepiga magoti na kutokwa povu, maana kuna aliyeniona nikitema; na kufikia magharibi nilikuwa nimekula chungu kizima pamoja na udongo wake. Wageni walianza kumiminika. Walikuja kwa ustaarabu, wakapewa kahawa, wakazungumza habari za bei ya nazi na za kivuko cha Pangani, lakini macho yao yote yalikuwa barazani, yakiuhesabu mmea. Mke wangu, aliye peke yake kuujua ukweli, alipoulizwa na bibi mmoja kama ni kweli nakula majani, alijibu kwa ile dhihaka yake isiyotabasamu, "Ndiyo, anakula, lakini anakula kwa kitabu". Nalo jibu hilo lilizidisha balaa, kwa kuwa mtaani kwetu mambo yafanywayo kwa kitabu ndiyo hasa yaogopwayo.

Bibi mwingine, mtu mzima wa heshima aliyekuwa somo yake marehemu mama yangu, alikuja saa ya alasiri na kombe: sahani nyeupe iliyoandikwa aya kwa zafarani, akaiosha mbele yangu kwa maji ya waridi, akanipa ninywe. Nilikunywa lote, kwa adabu na kwa mapenzi yangu kwake, ilhali nikijua vyema kwamba jua limekaribia kuchwa, na kwamba ulimi wenye zafarani na maji ya waridi si ulimi wa kuamua habari ya asidi. Kusukutua mbele yake lingekuwa jambo la utovu wa adabu usiosemeka. Alikaa mpaka magharibi imepita, akinisimulia habari ya mjomba wake aliyepatwa na maradhi kama yangu akapona, na ghala la jani, kwa kadiri ya elimu niliyoieleza hapo juu, lilikuwa limekwisha kufungua milango na kuanza kujijaza upya.

Ushahidi kamili niliupata baadaye, kwa mjukuu wangu, mtoto wa miaka saba asiyejua kudanganya pale asipoona faida. Nilimpa kipande alfajiri bila kumwambia neno, na kipande saa ya machweo bila kumwambia neno. La kwanza alilikunjia jicho moja. La pili alilitafuna, akalitafuna, akanitazama kwa masikitiko. "Babu, lile kali. Hili halina kitu." Nikayaandika maneno yake katika daftari kama alivyoyatamka. Mama yake aliposikia alimzuia kuja kwangu hadi shule zifungwe, na sina la kusema juu ya hilo isipokuwa kwamba Heyne mwenyewe hakuwa na shahidi bora.

Ama namna ya kuuzalisha, hapo napo pana ajabu yake. Chotara huyu hapandwi kwa mbegu, maana ukizipanda mbegu zake wajukuu hutawanyika: huyu atamfuata bibi, yule atamfuata babu, mwingine hatafanana na yeyote, na Lulu haipatikani tena. Njia ni moja tu, kumgawa aliyepo. Kwa hiyo kila Lulu ya Nürnberg iliyo halali popote duniani ni kipande cha mmea ule ule wa kwanza, na huu ulio barazani kwangu hapa Tanga haukuzaliwa, ulikatwa katika uliokatwa katika uliokatwa, kurudi nyuma mpaka Ujerumani.

Jani halikatwi kwa kisu wala halivutwi kwa haraka. Hushikwa karibu na shina, likasukumwa kushoto, kisha kulia, kwa subira, mpaka litoke zima pamoja na kitako chake, kwa kuwa uhai wa mmea ujao umekaa katika kitako hicho chembamba cheupe, na jani lililokiacha kitako chake shinani, hata likiwa zuri namna gani, litanyauka au litaoza basi. Likiisha kutoka huwekwa kivulini siku kadhaa kidonda kikauke, halafu hulazwa juu ya udongo mkavu bila kuzikwa na bila kunyweshwa, maana maji yote limekuja nayo. Baada ya wiki mbili tatu hutoka mizizi ya rangi ya waridi, myembamba kuliko uzi wa kushonea, ikitapatapa hewani kuutafuta udongo. Na ubavuni mwake huonekana kitone, ambacho ukikitazama kwa kioo cha kukuzia tayari kina majani manne au matano, yamepangwa kwa mzunguko ule ule wa mama yao, yana rangi ile ile, yamejipaka unga ule ule, na chote pamoja hakijafikia punje ya mchele. Siku zile ndizo unazoanza kumnyunyizia maji machache upande wa mizizi. Jani mama hunywewa na mtoto wake polepole, likawa na mikunjo, likawa wazi hata ukaona mwanga upande wa pili, likabaki gamba la karatasi unaloliondoa kwa kidole. Si yote yafikayo huko: mengine hutoa mizizi mingi yasitoe mtoto, yakakaa hivyo kwa miezi, mabichi, yakijilisha yenyewe bila haja, nami kwa hayo nina huruma ya pekee, na siyatupi.

Udongo wake uwe zaidi ya nusu mchanga mzito wa mtoni na vipande vya matofali au mkaa, maji yapite bila kusita. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na aliyenishauri niutumie ni mtu yule yule aliyeniuzia.

Kuna na njia ya pili, ya kukata kichwa, ambayo hulazimika mmea unapokosa jua la kutosha ukaanza kurefusha shingo, majani yakaachana, ule mpango wote mzuri ukavunjika. Hukata kichwa kwa wembe safi, ukakiacha kikae wima juu ya kikombe kitupu mpaka jeraha lifunge na mizizi ichungulie, nacho kisiki kilichobaki chunguni huchipua watoto ubavuni. Bila shaka siku niliyoukata mmea wangu ndiyo siku aliyokuja mjumbe wa mtaa kuniangalia hali, akanikuta barazani na wembe mkononi na kichwa juu ya kikombe.

Mikasa mingine haistahili wino mwingi. Kuku wa jirani aliyamaliza majani yote yaliyokuwa yameanza mizizi, na hakuna aliyemwombea dua. Mama mkwe wangu, katika kunionea huruma, aliusugua mmea jani kwa jani kwa kitambaa chenye sabuni hata unga wote ukatoka, akaniletea ukiwa unang'aa. Masika yalipoingia mmoja ulioza chini kwa chini ukiwa mzuri kwa juu, nikaugusa, ukabaki mkononi. Wakaja vidung'ata, wale wadudu weupe walio mfano wa pamba, nikawatoa mmoja mmoja kwa kijiti chenye spiriti, dirisha likiwa limefungwa.

Ila kuna mambo ambayo sasa siyacheki. Kijana yule auzaye miche huiteremsha mimea yake kutoka Lushoto, ambako usiku ni wa baridi hata watu hulala na blanketi, na mmea wa namna hii hupata ule ubaridi uliouzoea asili yake. Kisha huuleta Tanga, ambako saa nane ya usiku joto bado limekaa ukutani, na mmea ukifungua milango yake usiku hukuta nje hakuna nafuu kubwa, ukapoteza rangi, ukadhoofika, na ukinyweshwa asubuhi na jioni alivyoagiza huoza kabla ya mwezi kuandama mara nyingi. Anajua. Nilipomwambia alicheka akasema, "Ukifa si utarudi, mzee?" Hiyo ndiyo biashara yake: si mmea anaouza, ni kufa kwake. Na wale wanunuao hujilaumu wenyewe, wakasema sina mkono wa kupanda, wakarudi kununua mwingine.

Fauka ya hayo, mtaa uliohukumu kwamba mtu mwenye kupendezwa na mmea mgeni wa Meksiko, wenye majani yaliyopangwa kwa mzunguko, ni mgonjwa wa akili, ni mtaa wa mji gani? Ni wa Tanga! Mkonge nao ni wa Meksiko. Nao majani yake hupangwa kwa mzunguko. Nao hufungua milango yake usiku na kuificha asidi mpaka asubuhi. Nao kwa desturi hauzalishwi kwa mbegu bali kwa machipukizi ya shinani na vichipukizi vya juu ya mlingoti wake. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, vikapitia Hamburg, na vilivyofika huku vikiwa hai vilikuwa 62. Kutoka katika hivyo 62 yalifunikwa mabonde na vilima vyetu vyote. Wakaletwa manamba kutoka mbali, wakahesabiwa kwa nambari, wakachomwa na miiba mchana kutwa. Na katika miaka ya 1960 nchi ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka, na kuongoza ulimwengu. Jirani yangu yule wa bandari alistaafu kwa marobota ya katani. Hindorf aliyekaa akivihesabu vichipukizi vyake vilivyokufa hakuombewa arejeshewe fahamu. Mtu akikata majani kutwa kucha kwa ajili ya tajiri ni mchapakazi. Akikaa na jani moja kwa ajili yake mwenyewe, mtaani hupita sahani ya zafarani.

Na kuna uchungu mwingine ulio juu ya huo. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa huku, aliliona katika milima yetu ya Usambara ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, akampelekea baba yake mbegu Ulaya, na mwaka uliofuata Hermann Wendland akaliandika kitabuni kwa jina la huyo mtawala. Leo ua hilo limo katika madirisha ya Ulaya na Marekani, huzalishwa kwa jani moja moja, kwa subira ile ile niliyoieleza hapo juu. Wamarekani wana chama chao cha wapenzi wake tangu mwaka 1946, na maonyesho, na mahakimu wa kuamua ni jani la nani limekaa sawa. Mabibi na mabwana wazima hukesha nalo, na majirani zao huwapa zawadi. Hapa, mwendo wa asubuhi moja tu kutoka kwenye msitu lilikotoka, nilimwuliza kijana wa miche kama analo, akaniambia hajapata kulisikia. Nikamwuliza mwalimu wa shule, naye akaniuliza linatibu nini.

Linatibu nini! Swali hilo ndilo nililoulizwa na kila aliyekuja kunipa pole, wala si kwa ubaya: "Sasa, bwana, mmea wenyewe unaliwa?" Hauliwi. "Unatibu?" Hautibu. "Unauzwa?" Siuzi. Baada ya majibu hayo matatu niliwaona wakitazamana, na nikafahamu kwamba kulila lile jani kulikuwa jambo dogo, kosa langu kubwa machoni pao lilikuwa kukaa saa nzima nikitazama kitu kisichonipa kitu. Vijana hukaa barazani kutwa wakitazama simu, na hakuna aletaye kombe.

Sina ugomvi na imamu. Nilikwenda kwake Jumatatu baada ya Alasiri, nikamweleza habari yote tangu Heyne hata mjukuu, na kwa haki yake alinisikiliza kuliko wengine wote, akauliza kwa makini kama ukali huo unafunguza. Nikamjibu kwamba mwezi wa Ramadhani sitafuni. Akasema dua iliyokwisha kuombwa hairudishwi, lakini haina madhara kwa mwenye akili timamu.

Watoto wa mmea sasa wamezidi makopo niliyonayo, na wengine wamefikia ukubwa wa kitufe cha koti, ambao ndio wakati mzuri wa kuhamishwa. Anayetaka mmoja aje alasiri, kabla ya Magharibi, na kopo lake lililotobolewa chini na mchanga wa mtoni uliooshwa. Simdai mtu hata senti. Namsihi tu auweke pale jua la asubuhi linapofika, na asiunyweshe mpaka udongo ukauke wote.